Kabla hujafunga masanduku

Birmingham, Jumapili usiku

Kwa shoga yangu mpendwa, Mama Swaleh,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itawakuta wewe, shemeji na watoto katika afya njema, na kwamba Bi Mkubwa amepata nafuu ya magoti. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Ningeweza kukupigia simu, lakini tulipozungumza Alhamisi watoto walikuwa wakipiga kelele kwako na kwangu, nikakata simu nikiwa na dukuduku ambalo mpaka leo halijaniacha nilale. Nimeona bora niandike, ili usome kwa utulivu na shemeji naye asome.

Jambo lenyewe ni uzito wa watoto, kwa ajili ya ile safari yetu ya pamoja ya boti ya kukodi. Nilipokuomba unitajie kilo zao kwa ajili ya majaketi ya kuokolea maisha, ulicheka ukasema kwamba watoto wa watu wa Lamu hawavishwi maboya mtaroni. Nakuelewa. Ulijua kuogelea kabla hujajua kusoma, na marehemu babu yako alikuwa nahodha aliyeijua pwani yote kuanzia Kiunga hadi Unguja. Ni kweli pia kwamba mfereji wa Llangollen, katika sehemu nyingi, mtu mzima akianguka anaweza kusimama. Lakini watoto wako wamezaliwa Leicester, si Shela, na maji haya si yale tuliyoyazoea. Ni ya baridi hata mwezi wa Agosti, nayo ni meusi kiasi kwamba kilichozama hata sentimita chache hakionekani tena.

Halafu kuna loki, yaani vyumba vya maji vyenye malango, ambavyo huinua chombo au kukishusha pale nchi inapopanda au kushuka. Tutakuwa na sita peke yake pale Grindley Brook, na tatu kati ya hizo zimeunganishwa kama ngazi, kiasi kwamba lango la juu la moja ndilo lango la chini la inayofuata. Boti yetu ina upana wa mita 2 na sentimita chache, na loki imeizidi kidogo tu, kwa hiyo mtoto akitumbukia mle hana pa kuogelea. Kuta ni za mawe na matofali yenye utelezi, na maji yanapofunguliwa hupiga kwa nguvu ambayo hata wewe usingeshindana nayo.

Sikukusimulia vizuri yaliyotupata mwaka jana, kwa sababu nilikuwa bado naona uchungu kuyataja. Mahali tulipokodi boti walitupa majaketi ya kipimo kimoja kwa watoto wote, nami sikuyakagua, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha na kila mtu alitaka kuondoka. Asubuhi ya siku ya pili tulikuwa tunasogea ukingoni ili Baba Zuhura ashuke na hendeli ya kufungulia maji, mara kitinda mimba wangu akaruka kuelekea nchi kavu kabla chombo hakijafika, akatumbukia kati ya ukingo na ubavu wa chuma wa boti yenye uzito wa tani zaidi ya kumi. Jaketi likaelea kama lilivyotengenezwa, lakini mwanangu akateremka ndani yake, mabega ya jaketi yakampanda mpaka juu ya masikio na uso wake ukazama. Baba Zuhura alilala kifudifudi ukingoni, akamshika mkono, akamvuta. Nilikuwa nimekwisha kuondoa gia, kwa hiyo rafadha, ile panga inayosukuma boti majini, ilikuwa imesimama. Kama ingekuwa inazunguka, basi... Siwezi kuiandika sentensi hiyo nikaimaliza.

Ndiyo maana nadai kilo. Majaketi ya watoto hupimwa kwa uzito, wala umri hausaidii, na yale mazuri yana mkanda unaopita kati ya mapaja, ambao ndio unaozuia jaketi lisipande kichwani. Safari hii nataka kuwapelekea wenye boti uzito wa kila mtoto mapema, na wakisema hawana yanayofaa, nitanunua mwenyewe, yako na yangu. Gharama isikusumbue hata kidogo.

Sasa nije kwenye masanduku, kwa sababu nayo yanahusiana na hilo hilo. Ulisema utaleta yale mawili makubwa ya magurudumu mliyokwenda nayo Umra. Nakusihi uyaache. Ndani ya boti hii, kutoka omo hadi tezi, kuna njia moja tu ya kupita, na njia hiyo hupitia humo humo jikoni na kando ya vitanda. Kitanda cha wanao ni meza ya chakula wakati wa mchana. Chini ya vitanda kuna nafasi, lakini ni ya kusukumiza mkoba wa turubai unaokunjika, si ya sanduku gumu. Sanduku gumu litakaa njiani, na njia hiyo ndiyo ya kutokea usiku ikiwa pana hatari. Kwa hiyo mkoba laini mmoja kwa kila mtu, na wa watoto wawili uwe mmoja.

Katika nguo, fikiria mvua kwanza. Tutakuwa mpakani mwa Uingereza na Wales, na anayeshika kana, yaani mpini wa usukani, husimama nje nyuma ya chombo saa zote, jua liwake au mvua inyeshe. Jaketi la mvua kwa kila mtu, sweta mbili, kofia ya sufu, na glavu za kushikia kamba. Madera yako nayapenda, lakini ni ya kuvaa jioni tukishafunga kamba. Mchana vaa suruali pana na kanzu fupi, na mtandio uufunge vizuri usining'inie, kwa maana utapanda na kushuka mara nyingi, na ukingo wa kukanyagia ubavuni mwa boti hautoshi hata upana wa unyayo. Viatu viwe vyenye soli inayoshika, jozi mbili, kwa sababu moja italowa. Ndara zibaki nyumbani, za watoto hasa. Pasi na kikausha nywele pia viache, umeme wa betri hauviwezi, lakini chaja za simu hazina tabu.

Chakula tugawane. Nitaleta mchele, unga, samli na tui la pakiti. Wewe leta viungo vyako na nyama ya halali iliyokwisha kukatwa na kugandishwa, kidogo kidogo, maana friji ni ndogo. Tukifika Ellesmere kuna duka kubwa mwishoni kabisa mwa tawi la mfereji, tutanunua maziwa na mboga hapo. Kaango la chapati ninalo. Ila lile jiko la makaa, Mama Swaleh, ambalo shemeji anataka kuchomea mishikaki juu ya boti, hapana. Makaa hata yakionekana yamezimika hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba chembamba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya baridi hakihitaji nyingi. Mwambie nimemwomba kwa heshima zote. Mishikaki nitaioka ndani, kwenye jiko la gesi.

Leta pia mkeka wa kuswalia ulio mwepesi. Mfereji unapindapinda sana, na upande wa kibla, ambao huku ni kusini mashariki, unahama kila mara chombo kinapogeuka. Mwaka jana tuliona vyema kufunga kamba kila wakati wa swala ulipoingia na kuswali ukingoni, kwenye njia waliyokuwa wakipita farasi wa kuvuta boti zamani. Ile swala ya alfajiri yenye ukungu juu ya maji na kondoo ng'ambo ya pili, natamani sana uione.

Na lipo daraja. Ukishafika Pontcysyllte utaelewa kwa nini sikuacha kulisema mwaka mzima. Lilifunguliwa mwaka 1805, na ni hori la chuma lililojaa maji, lenye urefu wa mita 307, lililobebwa na nguzo za mawe mita 38 juu ya mto Dee, nasi tutapita humo ndani ya chombo kwa mwendo wa mtu anayetembea. Upande wa njia ya miguu una vyuma vya kujishikia. Upande wa pili hauna kitu. Ukingo wa chuma uko juu kidogo tu ya maji, kisha ni hewa. Hapo watoto wote watakaa ndani, madirishani, wewe ukiwa nao, na majaketi wakiwa wameyavaa. Unaona nimerudi pale pale. Nitaendelea kurudi pale mpaka unijibu.

Basi niambie: Swaleh ana kilo ngapi sasa, na mdogo wake je? Wapime wakiwa wamevaa nguo za kawaida, usikisie. Je, bado wanakwenda kwenye mafunzo ya kuogelea, au waliacha? Mdogo bado anaamka usiku na kutembea? Hilo ni muhimu, nitamlaza upande wa ndani. Bi Mkubwa ameamua kuja? Ngazi za kuingilia ni tatu na zimesimama wima, lakini tukimshika mikono huku na huku ataweza. Shemeji amekubali kuhusu jiko? Nawe mwenyewe una kilo ngapi? Usinifiche, kwa sababu jaketi lako pia nimeliandika kwenye orodha.

Nijibu kabla ya Ijumaa, tafadhali, hata kwa ujumbe mfupi wenye namba tu.

Nisalimie wote.

Shoga yako akupendaye,
Mama Zuhura