Barua kwa wanangu wa mabwenini Dodoma: fungueni hizo ndoo

Wanangu,

Salamu kwenu nyote, wa bara na wa visiwani, mliofika juzi na mnaosubiri kuvaa joho. Mimi ni mama mtu mzima. Nilikuwa wadeni, yaani msimamizi, wa bweni la wasichana katika chuo kimoja cha hapa Dodoma kwa miaka 22, nikastaafu, nikajenga nyumba ndogo jirani na nyinyi. Sikuwa na mpango wa kuandika barua. Imeniandikisha ndoo.

Wiki tatu zilizopita binti wa mwaka wa kwanza, mtoto wa rafiki yangu wa siku nyingi, aliugua homa akiwa bwenini. Chumba cha watu wanne. Bomba lilikuwa limekauka tangu Jumapili. Alilala siku mbili usiku na mchana, na asubuhi ya siku ya tatu dada wa usafi, aliyeingia kufagia, ndiye aliyemkuta anaweweseka, midomo imekauka mpaka imepasuka. Malaria ilishampanda kichwani. Jioni, baada ya kutoka hospitali, nilipita chumbani kwake kumchukulia khanga na kadi ya bima. Nikainama chini ya kitanda kutafuta viatu vyake.

Nikaona ndoo tatu za lita 20, zimejaa maji mpaka juu, na kila moja ina kufuli. Kifuniko kimetobolewa kwa msumari wa moto, ukingo wa ndoo nao umetobolewa, na kwenye matundu hayo limepitishwa kufuli dogo la begi. Ndoo ya nne, ya mgonjwa, haikuwa na kufuli. Ilikuwa kavu, ina kikombe cha plastiki ndani.

Wenzake watatu nilikaa nao. Si watoto wabaya, na nawaomba msiwaandame. Mmoja alilia muda wote. Waliniambia, "Mama, tulidhani amelala tu. Tulimwona amejifunika shuka." Nikawauliza jina lake. Wakatazamana. Tangu wafungue chuo walikuwa wanamwita "yule wa juu", kwa sababu analala kitanda cha juu. Na yeye, alipopata nguvu ya kusema, aliniambia maneno ambayo sijaweza kulala nayo vizuri hadi leo: "Ndoo niliziona, mama. Niliogopa kuomba."

Wanangu, mtu anaogopaje kuomba maji ya kunywa kwa watu anaolala nao chumba kimoja?

Mtaniambia maji Dodoma ni shida. Nani asiyejua? Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miaka mingine inakatika kabla ya hapo. Maji ya mji huu kwa miaka mingi yametegemea visima vya Mzakwe. Watu wameongezeka, hasa tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, na visima haviongezeki kwa kasi ya watu. Ndoo ya maji hapa ni mali, hilo silibishi. Ila shida ya maji haikuanza na nyinyi, na makufuli hatukuwa nayo.

Miaka ya 1990, Oktoba moja, bweni langu lilikaa siku nane bila tone. Wasichana walianza kugombana siku ya pili. Siku ya tatu msichana mmoja wa Kigogo, kwao Mvumi, mpole ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akiongea kwenye kikao, alikuja mlangoni kwangu akasema, "Mama, nipe wasichana sita na jembe." Tukashuka naye mpaka korongo lililokauka, mchanga mtupu, hata nyasi hakuna. Akatembea akitazama chini, akasimama penye kona, akasema hapa. Wakachimba. Mchanga ukaanza kuwa na unyevu ulipofika magotini, wakaendelea mpaka kiunoni. Yakaanza kuchuruzika maji ya tope. Akawazuia wasiyaguse. Aliyateka kwa kata, akayamwaga mbali, akasubiri, akamwaga tena. Mara ya nne yakaja meupe kama maji ya mchele. Mara ya sita unaona vidole vyako ndani yake.

Ndoo zilikuwa tano tu. Hakuna aliyeuliza ndoo ya nani. Walipanga zamu ya kwenda korongoni alfajiri, wakapanga maji ya kwanza kila siku ni ya mgonjwa na ya kupikia, ya kuoga yanafuata. Msichana wa Pemba aliyezoea visima vya nyumbani ndiye aliyewafundisha kuyachuja kwa khanga na kuyachemsha. Siku ya tisa bomba lilipotoa maji, walishangilia, lakini zamu haikufa. Ikageuka zamu ya kupika, kisha ya kusomeshana hesabu kabla ya mitihani. Yule mpole wa Mvumi walimchagua kiongozi wa bweni mwaka uliofuata. Nilialikwa kwenye harusi ya mmoja wao miaka kumi baadaye, na waliosimama nyuma ya bibi harusi ni wale wale wa korongoni.

Mimi sijui njia nyingine ya kujenga undugu bwenini. Kaeni chini siku ya kwanza, mtajiane majina na kwenu, simu ya nyumbani kwa kila mmoja iandikwe ukutani, na ndoo moja katika chumba iwe ya wote, isiyofungwa kamwe. Mkilala usiku mjue kila kitanda kina mtu au mjue huyo mtu yuko wapi. Wagogo ambao mnaishi kwenye ardhi yao hawakupiti njiani bila salamu yao, "Mbukwenyi". Nyinyi mnapishana ngazini na spika masikioni mwaka mzima, mnafahamiana kwa picha za simu.

Mengine mnayajua, nayataja tu. Koili za kuchemshia maji zitawachomea jengo. Choo anayekichafua akisafishe. Kama unambeba rafiki aliyekosa nafasi, yaani unamlaza chumbani kwako, waambie wenzako kabla hajaweka begi. Nguo ya kuazima irudi imefuliwa. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likitoka, lipa deni la mwenzako kwanza. Muziki, saa nne usiku basi.

Na tangu treni ya umeme ianze kufika hapa mwaka 2024, Ijumaa mchana mabegi yanashuka ngazi, maana Dar imekuwa mwendo usiofika saa nne. Kumwona mama ni jambo jema. Lakini fikirini pia wa Kigoma, wa Rukwa na wa Mtwara wanaobaki kwenye jengo tupu kila wiki. Bakini nao mara moja moja, mpike pamoja.

Sisi wazazi nasi tusijifiche. Makufuli haya watoto wameyatoa nyumbani. Tumejenga kuta zenye vipande vya chupa juu, hatujui jirani anaitwa nani, na siku ya kumsindikiza mtoto stendi tunamnong'oneza, "Usimwamini mtu." Tukipiga simu tunauliza umekula, bumu limetoka, matokeo vipi. Ni mzazi gani aliyewahi kuuliza unakaa na nani chumbani, wazazi wake wanaitwaje, anaendeleaje? Na vyuo navyo vimechangia. Bwenini kwangu kulikuwa na ukumbi wa kukaa, wenye televisheni na meza ya bao. Uligeuzwa vyumba vya kulala. Vitanda vikaongezeka, mahali pa kufahamiana pakaisha.

Binti yetu amepona na amerudi chumba kile kile, kwa hiari yake. Nilimshauri ahame, akakataa. Wale watatu wamekwenda kununua pipa moja la lita 100, wameliweka karibu na mlango, na kata imening'inizwa juu yake kwa kamba. Nimeliona kwa macho yangu Jumamosi.

Uani kwangu nina simtanki la lita 5,000, na mvua bado. Maji yakikatika, geti langu liko wazi kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Njooni wawili wawili, na kila mmoja anitajie jina la mwenzake na kwao ni wapi, ndipo nifungue bomba.

Mama yenu,
wadeni mstaafu, Dodoma