Mwanangu, kuhusu hiyo ngoma yako

Mwanangu,

Ngoma uliyonitumia WhatsApp, hiyo ya kuwasema viongozi na shida ya dawa hospitali, nimeiskiliza, nimeirudia tena na tena, na kwa kuwa umeniuliza uitoe au uiache nakujibu wazi, itoe, ila sio hivyo ilivyo na sio peke yako.

Vitu vya 2017 naona umevisahau maana ulikuwa bado shule. Mwezi wa tatu yule rapa Nay wa Mitego alikamatwa huku huku kwetu mkoa wa Morogoro kisa wimbo wake Wapo wa kuisema serikali, BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, wakaufungia, afu ghafla Waziri Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli kaupenda, jamaa aachiwe na wimbo upigwe, tena aongezee na wakwepa kodi humo ndani. Watu tulishangilia kweli. Hazijapita hata wiki mbili rapa mwingine, Roma Mkatoliki, na wenzake wakachukuliwa kutoka studio ya Tongwe Dar, siku tatu hawajulikani walipo, na walipopatikana Roma akakaa mbele ya waandishi akasema waliteswa. Sasa we jiulize, yule wa kwanza katoka kwa sababu mkubwa kaupenda wimbo, je asingeupenda? Huo sio uhuru mwanangu, hiyo ni bahati. Na usidhani cheo kinakinga, rapa Sugu alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini na bado 2018 akahukumiwa kifungo cha miezi 5 kwa maneno aliyoongea kwenye mkutano wa hadhara.

Mi kilichonigusa ni zile siku tatu za kina Roma. Wasanii wenzake walijitokeza, wengine hata nyimbo za siasa hawaimbi, wakakutana na waandishi wakauliza wenzetu wako wapi, na mitandaoni jina lake likawa kila kona. Umaarufu kazi yake ni hiyo, watu wajue haraka kwamba haupo. Ndo maana nakuuliza, kwenye hiyo ngoma uko na nani? Tafuta wawili watatu muingie wote, wenye majina yao.

Halafu vesi ya kwanza itoe yote. Viongozi wezi, viongozi wezi, hilo hata konda wa daladala anasema na hakuna anayeshtuka, tena ukishtakiwa hilo utalithibitisha vipi? Vesi ya pili ndo penyewe, pale bibi yako anapopewa karatasi dirisha la dawa hospitali, kaandikiwa dawa tatu, iliyopo ni panadol tu, zingine anaambiwa kanunue duka lile ng'ambo ya barabara na huku kadi ya bima anayo mkononi. Nilivyoskia hapo nililia, maana nilikuwepo. Mama yeyote atakayeskia redioni atasema huyu kaniona mimi. Na ile karatasi ninayo kabatini mpaka leo, wakikuuliza ushahidi njoo uichukue.

Kingine, uchaguzi ukikaribia watakuja watu na hela za kupanda jukwaani, unawaona wasanii wenzako kila kampeni wanavyobadilishiwa tisheti. Kuwa na chama sikukatazi, we mtu mzima. Ila ukiimba kwa hela ya kampeni, siku ukiimba kuhusu dawa watu watakuuliza safari hii umelipwa na nani, na watakuwa na haki kabisa ya kuuliza, hata mimi nitakuuliza.

Baba yako anasema uachane nayo uimbe mapenzi kama wengine, nimemwambia niachie mimi nitaongea na mwanangu. Ana hofu tu, usimchukie.

Ukishairekodi upya nitumie kwanza kabla hujaiweka YouTube, na siku hiyo nitumie namba za hao wenzako wote pamoja na ya meneja na ya mtu wa studio, nataka niwe nazo kwenye simu yangu na ya mjomba wako.

Mama yako