Malalamiko kuhusu wavu wa shaba usio shaba

Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwa Meneja wa Mauzo,

MINT: VIJAZIO VYA MNARA WA KUKENEKA VISIVYOLINGANA NA MAELEZO YENU

Mimi ni mtengenezaji wa marashi. Asumini na langilangi nazilowesha kwenye spiriti, nachuja, kisha naikeneka ile spiriti, yaani naichemsha na kuupoza mvuke wake, ili niitumie tena. (Nalisema hili mapema kwa kuwa kijana wenu wa kaunta aliniuliza, huku akicheka, kama napika chang'aa.) Mnara wa mtambo wangu ni bomba la inchi 2 ambamo mvuke hupanda, na vijazio vyake, yaani vitu vinavyojazwa ndani ya bomba hilo, nilivinunua kwenu: wavu mlioupa jina la "shaba nyekundu tupu", na mabonge ya nyuzi yaliyoandikwa "stenlesi 304". Nimeambatisha risiti ya duka na ujumbe wa M-Pesa.

Wavu huo si shaba. Nimeukata kwa mkasi nikautazama juani: nje mwekundu, ndani kijivu. Nikausogezea sumaku niliyoibandua kwenye spika mbovu, ukanasa. Shaba hainasi kwenye sumaku. Mlichoniuzia ni waya wa chuma uliopakwa shaba juu juu, na kila ulipokatwa ndipo kutu ilipoanzia.

Yale mabonge nayo yananing'inia kwenye sumaku bila kushikwa. Fundi wenu aliniambia kwa simu kwamba hata 304 ikishavutwa kuwa nyuzi huweza kuvutika kidogo. Ni kweli, kidogo. Lakini 304 halisi, yenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, haifanyi kutu ya kuchafua kidole kwa mvuke wa spiriti na maji. Hii imefanya. Na msinitajie hewa ya bahari. Masufuria yangu ya stenlesi yanakaa jikoni humo humo na yangali yanang'aa.

Fundi huyo huyo alisema kijazio ni kijazio, muradi mnara umejaa. Sivyo. Mvuke unapopanda, sehemu yake hugeuka maji juu na kurudi chini, na kazi ya kijazio ni kuyatandaza maji hayo yakutane na mvuke kwenye uso mpana iwezekanavyo. Ndiyo maana sikuchukua gololi za kioo, ambazo uso wake ni mdogo, wala vipete vya kauri mlivyonionyesha, vinene mno kwa bomba la inchi 2. Maji yanayorudi hupita kwenye kila uzi, na kila yalichokiosha huyashusha chunguni, yaani kwenye chombo cha kuchemshia chini ya mnara. Sasa, chunguni ndimo ilimobaki mali yenyewe: harufu ya asumini iliyokolea. Kutu yenu imedondokea humo na kuifanya nyeusi kama chai ya mkandaa. Spiriti naweza kuikeneka upya. Asumini ile imekwenda.

Kuna jambo jingine, na hili ni la hatari. Karatasi yenu ya maelekezo inasema vijazio "visindiliwe hadi visiweze kuingia zaidi". Mnara uliosindiliwa hivyo hufurika: maji hukwama katikati, mvuke ukakosa njia, kisha vyote vikaruka juu kwa pamoja. Mvuke wa spiriti unashika moto. Mimi natumia hita ya umeme. Mteja wenu mwingine huenda anatumia jiko la gesi. Iondoeni karatasi hiyo.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo. Kwa hiyo nataka mnirudishie pesa zote za wavu na mabonge, mnilipe thamani ya asumini iliyoharibika kwa hesabu niliyoambatisha, na mbandue maandishi ya "shaba tupu" kwenye shehena iliyobaki rafuni. Sitaki kubadilishiwa kwa mzigo wa shehena hiyo hiyo.

Vipande vya wavu vimo ndani ya bahasha hii. Tafuteni sumaku yenu wenyewe. Nisipopata jibu la maandishi katika siku 14, nitapeleka vipande vingine kwa Shirika la Viwango la Kenya.

Wenu,
Mteja, Mji wa Kale