Tuvuke feri au tufungue mkutano wetu Likoni?

Assalaam alaykum, Mhariri na wasomaji wenzetu.

Sisi ni wahudumu wawili wa kujitolea hapa Mombasa. Mtu akitoka kituo cha kurekebisha waraibu wa pombe, sisi humtafutia mkutano wa kuhudhuria. Tumekwama kwa bwana mmoja wa Likoni, fundi wa kuchomea vyuma, baba wa watoto watatu. Alikuwa mtu wa mnazi asubuhi na chang'aa jioni, na leo ana siku 47 hajatia tone mdomoni. Arosto, yaani maumivu ya kukata pombe, aliivuka mikononi mwa daktari, kama inavyopasa, kwani mnywaji wa kila siku akikata ghafla akiwa nyumbani anaweza kushikwa na kifafa ndani ya siku mbili za kwanza. Kwa hiyo hapo hatuna swali. Swali letu ni mkutano.

Karibu na kwake lipo kundi, tena la Kiswahili, ila ni la waliokuwa wakitumia unga. Wamempokea kwa moyo mweupe. Lakini kila anayesimama husimulia sindano na maskani, naye akitoka pale hujiambia, "Mimi sikuwa teja, kumbe sikuwa na neno." Mtu wa pombe akishaanza kujipima na aliyekuwa hoi kumshinda, mguu mmoja umesharudi mangweni.

Mkutano wa AA, umoja wa waraibu wa pombe wanaosaidiana wasinywe, tuliompeleka uko kisiwani, katika ukumbi wa kanisa, saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu. Saa hiyo tuliichagua makusudi. Kwa sheria ya vileo ya 2010, baa hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, na ndiyo saa mwili wake huanza kudai. Mwenyekiti anaijua kazi yake: kila msemaji ana dakika tano, hakuna kumkata mtu kauli wala kumhubiria. Ila ni Kiingereza kitupu. Bwana huyu anakielewa vizuri, lakini habari ya kwamba aliuza cherehani ya mkewe hana namna ya kuitoa kwa Kiingereza. Mara zote sita ametaja jina lake na kuketi.

Kufunga ni duara, kushikana mikono na sala. Hilo lilimtia shaka, tukamweleza kwamba anaweza kusimama kando kimya, na kwamba hatua kumi na mbili, ndiyo njia ya AA ya kupona, humwachia kila mtu amjue Mungu kwa imani yake. Akaridhika. Kinachomtoa ni Magharibi, ambayo hapa kwetu huingia kati ya saa 12:10 na saa 12:45 jioni, pamoja na msongamano wa feri. Basi huondoka dakika ishirini kabla ya mwisho, na hapo ndipo anapokikosa kile hasa tulichompelekea. Namba za simu hutolewa baada ya kufunga, watu wakiwa na vikombe vya chai mikononi, na sponsa, yaani mwenzako aliyetangulia kuacha na wa kukushika mkono, naye hupatikana hapo hapo. Mara sita kwa kawaida zinatosha kuujua mkutano, lakini yeye hana hata namba moja ya kupiga saa nne usiku kiu ikimpanda.

Mikutano ya mtandaoni tumeijaribu, na ipo usiku na mchana. Nyumba yake ni chumba kimoja na pazia. Anaweza kusikiliza, kusema hawezi.

Sasa imetoka rai ya kufungua mkutano wa Kiswahili Likoni, baada ya Isha. Kwa desturi ya AA, hata watu wawili watatu wakikutana ili wasinywe ni kundi, mradi wasijifunge na taasisi nyingine na wajilipie wenyewe. Ndiyo maana chumba cha bure cha madrasa tulikikataa kwa adabu, tukapata kingine juu ya duka kwa shilingi 200 kwa jioni. Kofia ikizunguka itatosha. Wako watatu tayari.

Hofu yetu ni kwamba aliyekaa muda mrefu zaidi bila kunywa kati yao ana miezi minane, na sponsa huwa vizuri awe amepita mwaka. Wawili wakiteleza, wa tatu atamfungulia nani mlango? Tena mtaa ule watu ni jamaa kwa jamaa, na mmoja wa hao watatu ni shemeji wa mbali wa bwana wetu huyu. Tunaona bora uwe mkutano wa kufungwa, wa wenye shida ya pombe peke yao, angalau miezi ya mwanzo, ingawa hivyo wahudumu kama sisi tutabaki nje.

Tunaomba mtujibu, hasa mliowahi kuanza na watu watatu. Mlimpata wapi mtu wa miaka kadhaa wa kuja kukaa nao, na mara ngapi kwa wiki? Sponsa wa simu aliye Nairobi anafaa, au ni kujidanganya? Tuache kwanza ule wa kisiwani, au aende kote kuwili? Na mkewe je, iko Al-Anon, mikutano ya jamaa za wanywaji, ya Kiswahili popote Pwani?

Mwenye chumba anataka jibu kabla ya Jumamosi.

Wahudumu wawili,
Mombasa