Ulichomwa mionzi ya kichwa zamani? Tuambie kabla hujapanda mashineni

Wateja wetu, hata kama ni miaka 15 imepita, nywele zilishaota na umeshasahau, ukija kupiga MRI (picha za ndani kwa mashine ya sumaku) ya kichwa tafadhali tuambie kwamba uliwahi kuchomwa mionzi ya kutibu uvimbe au saratani.

Nasema hivi kwa sababu kuna mama aliletwa na binti yake, kichwa kinamgonga, maneno yanampotea, vitu vya upande wa kulia havioni, na fomu yake imeandikwa stroki basi. Binti anamvua mama hereni pale mlangoni ndo akasema, "ila mama alishachomwa mionzi kichwani, mimi nipo darasa la tatu." Hapo hapo tukampigia daktari wake, tukaongeza picha za kontrasti (dawa inayochomwa mshipani ili picha zionyeshe vizuri), na kweli, mikunjo ya ubongo upande mmoja iling'aa kama imepakwa chokaa. Madaktari wanaiita SMART, ni tatizo la ubongo linalokuja miaka mingi baada ya mionzi, inafanana na stroki au uvimbe uliorudi lakini siyo, na mara nyingi inatulia yenyewe ndani ya wiki kadhaa, ingawa siyo kwa wote. Bila ile kauli ya binti, mtu angeweza kufikiria hadi kumtoboa fuvu achukue kinyama cha kupima!

Kuna na nyama ya ubongo kufa kwa mionzi, hii huwa inaanza kama miezi 6 hadi miaka 2 au zaidi baada ya matibabu, na kwenye kontrasti inawaka sawasawa na uvimbe uliorudi, ndo maana tunapiga pia picha za mtiririko wa damu, sehemu iliyokufa kwa kawaida damu ni kidogo, uvimbe damu nyingi. Hata hivyo kuna siku picha moja haitoshi, daktari anasema rudi baada ya wiki kadhaa, msikasirike, tunalinganisha.

Siti skani najua ni nafuu mfukoni na kwa damu iliyovuja ghafla inafaa sana, ila vile vidoa vidogo vya damu vinavyoachwa na mionzi MRI ndo inaviona.

Kwa hiyo njoo na karatasi ya mionzi inayoonyesha tarehe, sehemu na dozi (inaandikwa Gy), CD na filamu za zamani hata zikiwa na mikwaruzo, na majibu ya kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi) kwa ajili ya ile kontrasti. Karatasi zikipotea, hospitali ulikotibiwa waombe wakutafutie faili. Ila ukipata degedege au mkono ukalegea ghafla usisubiri apointimenti yetu, kimbia emajensi.