Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mtoto anayelia tumbo akaguliwe miguu

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia nikiwa muuguzi wa wodi ya watoto, kuhusu ugonjwa unaojulikana kwa madoa ya ngozi ilhali hatari yake kubwa imejificha tumboni na kwenye figo. Ni vaskulitisi ya IgA: kingamwili za aina ya IgA, yaani protini za kinga ya mwili, hujikusanya kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, mishipa ikavimba na kuvuja. Huwashika zaidi watoto, mara nyingi baada ya mafua au maumivu ya koo. Wengi wao hupona wenyewe.

Madoa ya zambarau yakitokea miguuni na makalioni, daktari hababaiki. Taabu iko kwa watoto ambao tumbo huwatangulia, pengine kwa siku kadhaa kabla ya doa la kwanza. Mtoto anajikunja kwa maumivu, anatapika, choo kina damu. Nani asingedhani ni kidole tumbo? Basi wapo wanaopasuliwa bila sababu. Wapo pia wanaocheleweshwa: kipande cha utumbo kilichovimba hupenya ndani ya kipande kinachofuata, njia ikaziba, damu isifike, na utumbo ukafa. Katika ugonjwa huu jambo hilo hutokea zaidi ndani ya utumbo mwembamba wenyewe, ambako eksirei ya dawa inayopitishwa njia ya haja kubwa huweza isifike. Ultrasaundi huliona.

Mheshimiwa, naomba mwongozo wa tiba utamke wazi kwamba mtoto mwenye maumivu makali ya tumbo avuliwe nguo, atazamwe miguu na makalio, na kesho yake atazamwe tena. Hali yake ikiruhusu, apigwe ultrasaundi kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji.

Liko na la baada ya kuruhusiwa, nalo linanikera zaidi kwa sababu ni rahisi mno. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, hutuliza tumbo, lakini haijathibitika kuzikinga figo, na figo huharibika kimyakimya mtoto akiwa tayari anacheza. Mkojo wake upimwe damu na protini, pamoja na shinikizo la damu, kwa muda usiopungua miezi 6. Vijiti vya kupimia mkojo viwepo hadi zahanati, na tarehe za kurudi ziandikwe kwenye kadi ya mtoto kabla mzazi hajaondoka wodini.

Wako mtiifu,
Muuguzi, wodi ya watoto