Barua ya wazi kwa walimu wanafunzi mlio field, mazoezi ya kufundisha, hapa Kigoma

Wanangu, salaam nyingi toka Ujiji. Mimi babu yenu chaki niliiacha zamani ila macho bado yanaona, na wiki iliyopita yameona kitu kimeninyima usingizi.

Nilienda shule kumchukua mjukuu wangu, nikasimama dirishani. Mwalimu kijana, shati limenyooka kweli kweli, anamuuliza mtoto wa darasa la tatu saba mara nane. Mtoto kimya. Mwalimu akageukia darasa, "Haya mpigieni makofi kilaza wetu," na darasa zima likapiga. Yule mtoto akawa anakwangua rangi ya dawati kwa kucha, hajainua kichwa mpaka kengele.

Sasa yule mtoto namjua, anauza dagaa na bibi yake kule Kibirizi. Jioni nikamfuata makusudi, fungu mia tano, nikamwambia nipe saba, nikampa elfu tano, jamani kabla sijafunga mfuko keshanirudishia elfu moja na mia tano! Huyo ndo kilaza?

Halafu ukiwauliza chuoni mmesoma nini mnasema saikolojia ya elimu, nimepata B. Mbwa wa Pavlov, yule mwanasayansi wa Urusi, mnamjua hadi mate yake, ila mtoto aliye mbele yenu hamumjui. Yule mbwa alizoeshwa sauti ikija na chakula, basi mwisho sauti peke yake mate yanatoka. Na wewe ukizoesha hisabati ije na aibu, mtoto akiona tu ubaoni umeandika alama ya mara tumbo linamuuma, mama yake anadhani minyoo. Na Piaget, yule mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza watoto wanavyofikiri, si aliwaambia mtoto wa miaka kama saba mpaka kumi na moja anafikiri vizuri kwa vitu anavyovishika? Mafungu ya dagaa hayo, mbegu za mchikichi hizo, zimejaa uwanjani bure, wewe unamkaririsha hewani.

Saikolojia ya elimu ni elimu ya jinsi mtu anavyojifunza na kwa nini wakati mwingine hajifunzi, basi. Ndani yake kuna ukuaji wa mtoto, kumbukumbu, motisha, tofauti za watoto, upimaji, mazingira ya darasa, na mwalimu mwenyewe, maana mwalimu mwenye njaa na madeni naye ana saikolojia yake.

Hilo la upimaji ndo linanichoma zaidi. Mwaka 1905 kule Ufaransa, Alfred Binet na mwenzake Simon walitengeneza kipimo cha kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni ili wasaidiwe, wakaja wengine wakakigeuza muhuri wa kugonga watu kwenye paji la uso. Sisi hapa hata kipimo hatuna, muhuri tu tunao. Mtoto nyumbani wanaongea Kiha tupu, kaja darasa la kwanza anakutana na Kiswahili chako cha haraka haraka, akinyamaza unamwandika mzito. Mwingine haoni ubao. Mwingine kalala njaa.

Najua mtasema babu, darasa limejaa, watoto wanne dawati moja, na mshahara wenyewe hatujaanza kuupata. Kweli, na hapo siwalaumu nyie, walaumiwe wanaohesabu vyumba vya madarasa siku ya kukata utepe halafu hawarudi kuhesabu walimu. Wazazi nao, mtoto akishuka toka wa tano mpaka wa kumi fimbo, hakuna anayeuliza nini kimempata. Lakini neno kilaza halikuletwa na msongamano mwanangu, limetoka mdomoni mwako.

Jumamosi niko nyumbani, chai na mihogo vipo, njooni tuongee. Na wewe wa shati lililonyooka unajijua, sitakutaja, ila kabla ya kuja kwangu pitia Kibirizi kwa yule bibi, nunua mafungu nane, na chenji muachie mtoto ahesabu.